Kabla hujahamishia vyombo Isle of Wight, pima gari

Jamaa wa koti la manjano, mhudumu wa feri ya kwenda kisiwa hicho cha kusini mwa Uingereza, alishika ncha ya tepu kwenye bampa ya mbele. Mwenzake akavuta kwenda nyuma, akapita mlango, akapita pale nilipodhani gari limeisha, akaenda kusimama kwenye ukingo wa ile lifti ya chuma ya kupandishia mizigo. Mita 7.2. Tiketi yangu ilisema 6. Ilikuwa Ijumaa ya Agosti, saa saba kasorobo mchana, mvua inarasharasha, mtoto amelala kwenye kiti chake, mke wangu amepakata sufuria kubwa ya pilau kwa sababu alikataa kata kata kuwaachia wapakiaji. Yule jamaa hakufoka wala hakucheka. Alisema tu kwamba boti ya saa saba imejaa, na hiyo mita moja na ushee inayozidi hana pa kuiweka.

Nikajaribu lugha yetu ile ya "kaka, tusaidiane". Ilianguka palepale kwenye lami.

Siku hizi nikipigiwa simu na mtu aliyepata kazi kwenye nyumba ya kulelea wazee kule Ryde au Shanklin, au hospitali ya St Mary's pale Newport, miji ya kisiwani humo, akiniuliza kuhama kunagharimu kiasi gani, namrudishia swali: gari lako lina mita ngapi? Wengi hucheka. Nami nilicheka.

Tatizo ni kwamba sisi tumelelewa na Likoni na Kigamboni. Unafika, unapanga foleni, ukikosa hii utapanda ile, na Likoni mtembea kwa miguu halipi hata senti. "Feri ni feri," mjomba wangu aliniambia kwa simu, na mzee amevuka Likoni maisha yake yote, ningembishiaje? Mjomba, shikamoo, lakini hapo ulinipoteza. Isle of Wight haina daraja. Katikati kuna mlango wa bahari unaoitwa Solent, boti ni za kampuni binafsi, na sitaha inauzwa kama kitambaa cha pazia: kwa urefu. Na bei yake hucheza kama tiketi ya ndege. Jumanne asubuhi ya Novemba na Ijumaa mchana ya Agosti, kwa gari lilelile, ni nauli mbili zisizofanana hata kidogo.

Sasa nikueleze mtego wenyewe ulivyotegwa. Karatasi ya bei ya wahamishaji ilikuwa safi: pauni 850, kupakia, kusafirisha, kushusha. Chini kabisa, kwa maandishi madogo kama punje za ulezi, kulikuwa na sentensi tatu. Nauli ya feri ni juu ya mteja. Kusubiri kunatozwa kwa saa. Gari likilala nje, mteja atalipia usiku huo. Nilizisoma zote tatu, nikadhani zinahusu watu wazembe.

Nauli ya feri nikaipigia hesabu ya safari moja. Lakini gari la watu halihamii kisiwani nawe, lazima lirudi, na kurudi tupu nako ni nauli yako. Halafu nikajifanya mjanja, nikasema tiketi nitakata mwenyewe mtandaoni nipunguze gharama. Nikawapigia kuuliza urefu. "Ni Luton ya kawaida," akasema aliyepokea. Hizo ni zile gari zenye boksi lililopanda juu ya kichwa cha dereva. Hakuna Luton ya kawaida. Kila moja ina urefu wake, na lifti ya nyuma huongeza. Nikaandika sita, nikalipa, nikalala usingizi mzuri.

Boti iliyokuwa na nafasi ilikuwa ya saa kumi jioni. Wakala wa nyumba alifunga ofisi saa kumi na moja, sisi bado tunatoka kwenye boti. Funguo zikalala ofisini, vyombo vikalala ndani ya gari, dereva akalala kwa pesa yangu, na sisi tukalala kwenye chumba cha wageni tukila pilau kwa mfuniko wa sufuria. Hesabu ya Jumamosi ilisomeka hivi: 850 za karatasi, 340 za feri kwenda na kurudi (pamoja na ule urefu uliozidi na ile tiketi ya kurudi nisiyoihesabu), 150 za kusubiri, 180 za gari na dereva kulala, 95 za chumba. Pauni 1,615. Karibu mara mbili ya ile ya kwenye karatasi niliyomwambia mke wangu.

Kwa hiyo sikiliza. Omba kwa maandishi namba ya usajili ya gari litakalokuja, urefu wake lifti ikiwa imekunjwa, na kimo chake. Usikubali "ya kawaida". Siku ya kupakia, kabla boksi la kwanza halijaingia, toa tepu upime mwenyewe, bampa hadi ncha ya mwisho ya chuma, hata wapakiaji wakikutazama kama mwendawazimu. Ikizidi, piga simu ubadilishe tiketi ukiwa bado nyumbani, maana ukishafika getini wewe ni mwombaji tu. Narudia: pima gari. Aliyekuambia urefu kwa simu hatakuwepo bandarini.

Bora zaidi, dai bei moja iliyojumlisha feri kwenda na kurudi, tiketi wakate wao, makosa ya urefu yawe yao. Karatasi itaonekana ghali kuliko zingine, nawe utashawishika kuitupa. Usiitupe. Na kabla ya kukubali wahamishaji wa bara, uliza bei kwa wale walioko kisiwani kwenyewe. Hao wanavuka mara kwa mara, gari lao linarudi kwao likiwa na mzigo wako, na mara nyingine wanakuchanganya na mteja mwingine mkagawana nauli. Mimi nililijua hilo baada ya wiki mbili, kutoka kwa jirani.

La pili, funguo. Usizifuate siku ya kuvuka. Nenda siku moja kabla kwa miguu: kutoka stesheni ya Portsmouth Harbour boti ya abiria inafika Ryde kwa dakika ishirini na kitu, na Southsea, jirani na hapo, kuna hovercraft (chombo kinachoteleza juu ya maji kwa nguvu ya hewa) ya dakika kumi hivi, ingawa hiyo upepo ukichachamaa haiendi. Chukua funguo, piga picha za mita za umeme na gesi, hakikisha sofa litapita ngazini, urudi zako. Nauli ya mtu mmoja huwezi kuilinganisha na gari kulala nje. Kama hukunielewa kwenye pima gari, nielewe hapa: funguo ziwe mfukoni kabla gari halijafika gatini.

Tarehe nayo. Epuka wiki ya tamasha la muziki la Juni kule Newport, na epuka Cowes Week, yale mashindano ya majahazi ya mwisho wa Julai au mwanzo wa Agosti. Likizo za shule pia. Magari huvukia njia tatu: Portsmouth kwenda Fishbourne kama dakika 45, Lymington kwenda Yarmouth kama 40, Southampton kwenda East Cowes kama saa nzima. Linganisha zote tatu, kisha ongeza mafuta.

Ndugu zetu, tuambiane ukweli. Shemeji yangu alitulazimisha kubeba friji ya akiba ("mtaijaza samaki huko"), makochi mawili, na magunia ya nguo anazokusanyia kontena la nyumbani ambalo halijawahi kuondoka. Ndivyo gari dogo lilivyogeuka Luton. Nauli ya lile kochi lingekununulia kochi jingine kwenye duka la mitumba hukohuko kisiwani. Na ukilikodi gari na kuliendesha mwenyewe, kumbuka Luton ya tani tatu na nusu (uzito wote, gari na mzigo) hubeba kama tani moja tu ya mzigo. Ukizidisha ukakamatwa kwenye mizani ni faini. Leseni yako ya nyumbani inakuruhusu kuendesha miezi 12 tangu uwe mkazi, ila kampuni nyingi za kukodisha hazitaki hata kuiona.

Nyumba tulizionyeshwa mbili za bei nzuri ajabu, karibu na bahari. Zote za kuanzia Oktoba hadi Machi. Baada ya hapo zilikuwa zinarudi kwa watalii, nawe ungehama tena, na feri tena. Uliza mapema mwenye nyumba hufanya nini nayo majira ya joto.

Watu wa kule sina ubaya nao. Aliyezaliwa kisiwani anaitwa Caulkhead, aliyetoka bara wanamwita Overner, hata kama ni Mwingereza wa kizazi cha kumi, jambo ambalo lilinifurahisha sana: kwa mara ya kwanza katika nchi hii nilikuwa mgeni sawa na mzungu. Jirani yule alikuja Jumamosi na kitoroli, akashusha nasi hadi adhuhuri, hakuuliza jina la mtu mpaka chai ilipochemka. Lakini mtu huyohuyo, akivaa koti la manjano kazini, hawezi kukupa sentimita moja isiyoandikwa kwenye tiketi. Mwingereza hakudanganyi, anakuandikia ukweli mahali ambapo hutatazama. Sijaamua bado kama hilo ni afadhali kuliko dalali wa kwetu anayekudanganya usoni huku akikununulia soda.

Mengine ni ya kawaida. Amana ya nyumba kisheria haizidi kodi ya wiki tano. Badilisha anwani kwenye akaunti yako ya viza, kwenye leseni (ni bure, kutobadilisha ni faini ya hadi pauni 1,000), kodi ya halmashauri, na kwa daktari. Mtungi wa gesi au galoni la petroli usilifiche kwenye mzigo, waarifu kabla ya kuvuka. Duka la mtandaoni likuambie mapema kama linaleta kisiwani bila kuongeza nauli.

Na kama nyumba iko Cowes nawe unashukia East Cowes, mwenzako ataona kwenye ramani kwamba mto Medina tu ndio unaowatenganisha na mlango wenu. Pale kuna kivuko kidogo kinachovutwa kwa minyororo, kizuri kwa gari dogo na baiskeli. Dereva wa Luton mwambie apitie Newport.