Kutupa karata bila kinyongo kwenye poka

Katika Texas Hold'em, aina ya poka ambamo kila mchezaji hupewa karata mbili za siri, ree mbili huja kwa wastani mara 1 kwa kila migao 221. Kwenye meza ya watu 9, tarajia kutupa karata takriban mara 4 kati ya 5. Ukiwa wa kwanza kuamua, kaza zaidi, yaani cheza karata nzuri tu: ree ya shupaza na tisa ya kopa huvutia macho tu. Unapongoja, weka simu mbali. Tazama nani hupandisha dau na hufunua nini mwishoni.

Kinachovunja wengi ni pigo. Ree mbili dhidi ya wafalme wawili, fedha zote zikiingia kabla ya karata za mezani (zile za wote) kufunuliwa, hushindwa karibu mara 18 kati ya 100. Hujakosea chochote. Hasara kubwa huja baadaye, unapocheza takataka ili urudishe. Inuka, ruka mzunguko mzima, kunywa maji (si bia).

Kabla ya kuketi, andika kikomo: mitaji 2 ya kuingilia mezani ikiisha, yaani mara 200 ya dau kubwa la lazima (linalowekwa kabla ya karata kugawiwa), unaondoka. Kadi ya benki iache nyumbani, kwa sababu kikomo cha kichwani husogezwa kila saa.