SOMO: Jinsi ya kutengeneza Marilyn wa Warhol kwa skrini ya tisheti

Wakuu heshima kwenu. Hili somo niliahidi siku nyingi, nikachelewa maana tisheti za sendoff zilinikaba kooni, sasa leo nimekaa. Tunafanya zile picha za mastaa wa sinema za zamani, uso wa waridi, nywele njano kama ndizi mbivu, midomo myekundu na kope za kibluu.

Kwanza nitoe uongo mmoja njiani. Watu wanadhani Andy Warhol, yule msanii wa Marekani, alikaa na brashi wiki nzima akimchora Marilyn Monroe, staa wa sinema. Wapi! Ile ni kazi ya skrini (fremu yenye wavu unaopitisha wino), hii hii tunayochapia tisheti za misiba na jezi za mtaa, yeye tu aliichapa kwenye kanvasi. Marilyn Monroe alifariki Agosti 1962, jamaa hakukaa sana akachukua picha yake moja ya matangazo ya filamu ya Niagara ya 1953, akaikata ibaki kichwa na shingo, ikageuzwa skrini. Kwa picha hiyo moja katoa Marilyn kibao. Yupo wa dhahabu, kichwa kidogo kipo peke yake katikati ya kanvasi kubwa kama picha ya mtakatifu kanisani (Warhol alikulia Pittsburgh kwenye kanisa la Wakatoliki wa Kibizantini, ukutani watakatifu watupu), huyo yuko jumba la sanaa la MoMA, New York. Wa pande mbili yuko jumba la sanaa la Tate, London, nyuso 50, nusu za rangi nusu nyeusi, na zile nyeusi zingine zimejaa wino hadi sura inapotea, zingine zimefifia kama skrini iliyoishiwa rangi. Fundi wa tisheti angerudishiwa mzigo.

Haya, kazi. Shika hii moja: RANGI CHINI, NYEUSI JUU MWISHO. Ni kama kupamba bibi harusi, poda kwanza, wanja baadaye. Ukianza na wanja umeharibu.

Hatua ya 1: Picha. Hapa ndipo wengi mnaangukia pua. Sio kila picha ya staa inafaa. Studio za Hollywood zile za zamani walikuwa wanaweka taa kuu juu mbele ya uso, inatoa kakivuli kadogo chini ya pua chenye umbo la kipepeo na mashavu yanachongeka yenyewe, Marlene Dietrich kapigwa sana na taa hiyo. Sasa wewe unaniletea selfie ya taa ya duara, uso wote mweupe sawasawa kama sahani, skrini itashika nini? Tafuta picha yenye giza na mwanga vilivyoachana.

Hatua ya 2: Simu. Igeuze nyeusi na nyeupe, panda kontrasti taratibu. Simama pale macho, matundu ya pua, mstari wa midomo na kivuli cha shingo vinapobaki vyeusi kabisa na shavu limekuwa jeupe kabisa. Programu yako kama inageuza kijivu kuwa vidoti, weka vidoti vikubwa vinavyoonekana kwa macho, vidogo vinaziba. Nenda steshonari wakuprintie kwenye karatasi ya plastiki ile ya kuonyesha, wakikwambia hawana, printi karatasi ya kawaida halafu ipake mafuta ya kula kidogo kwa pamba, futa yaliyozidi, itapitisha mwanga vizuri tu. Anza na uso wa sentimita 30 hivi. Zile za Warhol za 1964 zina karibu mita moja kila upande, usikimbilie huko.

Hatua ya 3: Mipaka. Weka printi juu ya kanvasi, chini yake karatasi ya kaboni, fuatisha kwa peni maeneo tu: nywele, uso, midomo, kope, kola, basi. Usichore pua wala nyusi, hiyo ni kazi ya skrini. Na kanvasi usiivalishe fremu bado, ilaze mezani ikiwa huru. Iliyoshavalishwa inabonyea katikati na wino haushiki.

Hatua ya 4: Rangi. Akriliki, mikono miwili (yaani paka mara mbili), ikauke kati ya mkono na mkono. Rangi bapa, hakuna kivuli, hakuna kuchanganya pembeni. Hapa ndipo umaridadi wenyewe ulipo na nataka mwende pole pole. Angalia Marilyn kwa karibu, ile bluu ya kope haijafuata jicho, imepita juu kama kibandiko. Midomo nayo nyekundu imetoka nje ya mstari kidogo. Ni makusudi. Ukipaka ndani ya mstari kama mtoto wa chekechea unapata picha ya kitambulisho, ukitoka kidogo unapata mwanamke aliyejipamba kwa ajili ya kamera. Nyongeza ya milimita 3 mpaka 5 inatosha. Ukimaliza utaona kinyago cha kutisha hakina macho, usiogope, kila mtu anafika hapo.

Hatua ya 5: Skrini. Wanaochapa tisheti rukeni. Wengine: osha wavu na sabuni utoe mafuta, paka dawa ya skrini nyembamba pande zote mbili chumba chenye giza, kausha. Laza printi yako juu, gandamiza kwa kioo, toa juani. Muda unategemea dawa na jua la siku hiyo, fanya jaribio kwenye kipande kidogo kwanza. Rudi ndani, mwagia maji, palipokuwa peusi dawa inatoka na palipopigwa jua inaganda.

Hatua ya 6: Kuchapa. Skrini iinuke kidogo juu ya kanvasi, unene wa sarafu mbili hivi. Mwaga nyeusi upande wa juu, laza ule mpira wa kuvutia wino kwa pembe, vuta mara MOJA bila kusita. Ukirudia mara ya pili umepata pacha. Nyanyua taratibu kuanzia upande mmoja. Halafu kimbia kuosha! Mimi skrini yangu ya kwanza ya picha hizi niliiacha nikapokea simu ya mteja, dakika kumi tu, akriliki ikakaukia kwenye wavu, skrini ikafa. Mpaka leo naitumia kufunika ndoo.

Ikitoka imehama kidogo upande, wino umejaa kona moja, iache hivyo. Ya kunyooka sana inafanana na kava la daftari.

MASWALI

Swali: Shikamoo fundi. Sina skrini na sina hela ya dawa, nifanyeje?

Jibu: Marahaba. Tafuta filamu ya eksirei iliyotumika, ioshe, kata maeneo meusi kwa wembe mpya, gongea rangi kwa sponji kavu. Acha vidaraja vidogo ili jicho lisidondoke. Vidoti hutapata ila sura itatoka.

Swali: Sasa buda, niko Nakuru. Nimefanya yangu lakini nyeusi imekula face yote, madhe anasema nimechora jini.

Jibu: Pole, msalimie mama. Kontrasti umeipandisha ukapitiliza, ama dawa haikuosheka vizuri ukaisugua hadi ikatoka na palipotakiwa kubaki. Rudi hatua ya 2, shavu liwe jeupe. Hiyo usitupe, kuna Marilyn wa namna hiyo hiyo pale Tate.

Swali: Kaka, badala ya hawa wazungu nikimweka marehemu Kanumba? Nimejaribu, nyeusi haionekani juu ya rangi ya ngozi.

Jibu: Inafaa sana. Kosa ni kwamba umepaka ngozi kahawia ya kweli ndio maana nyeusi imezama. Hizi picha hazitafuti rangi ya kweli dada yangu, Marilyn mwenyewe hakuwa waridi vile. Mpe machungwa, au zambarau ya mwanga, au kijani cha ndizi, nyeusi itakaa juu na bado watu watamjua kwa mbali.

Swali: Ni kweli kuna picha zilipigwa risasi?

Jibu: Kweli. 1964 msanii mmoja, Dorothy Podber, alifika studio ya Warhol akaomba kuzishuti, jamaa akajua anataka kupiga picha akamkubalia, mama katoa bastola kapiga rundo la Marilyn zilizoegeshwa ukutani. Mwenzao wa kibluu wa kundi hilo aliuzwa mnada wa Christie's New York Mei 2022 kwa dola milioni 195. Kwa hiyo mkizichana kwa bahati mbaya msilie.

Swali: Nikiuza nitashtakiwa? Picha nimetoa mtandaoni.

Jibu: Inaweza kukugharimu. Picha ina mpigaji, na mpigaji ana haki yake hata kama wewe umeijaza rangi. Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 2023 iliwapa ushindi upande wa mpiga picha Lynn Goldsmith dhidi ya taasisi ya Warhol, shauri lenyewe ni picha ya mwanamuziki Prince aliyoipiga Lynn 1981 ambayo Warhol aliigeuza skrini, na taasisi ikaja kuliuzia jarida kibali cha kuitumia. Ya ukutani kwako fanya utakavyo. Ya kuuza, piga picha yako mwenyewe: mwite binti wa jirani mwenye mikogo, mpake lipstiki, taa juu mbele ya uso kama nilivyosema hatua ya 1.

Swali: Fundi na huyo binti tutampata wapi 😂

Jibu: Uliza saluni. Nenda na picha moja iliyokamilika uwaonyeshe, usiende mikono mitupu.