Kiwanja cha bei nafuu Kigoma: kikague masika kabla hujatoa hela

Usinunue kiwanja Kigoma mwezi wa saba. Kiangazi kila korongo ni njia, kila bonde ni uwanja wa mpira, na dalali anakuonyesha ziwa linavyometa kule chini hadi unasahau kuuliza maji ya mvua yanapita wapi. Mimi ni fundi ujenzi. Wateja wangu wengi siku hizi wanakimbia bei za Mwanga na Gungu, wanatafuta pembeni: Businde, Buhanda, au wanatoka kabisa hadi Mwandiga. Sina ugomvi na pembeni, nami naishi huko. Ila bei ikiwa chini ina sababu. Ijue, halafu uamue kama itaondoka au utazeeka nayo.

Hatua ya 1: Nenda mvua ikinyesha

Machi au Aprili, vaa mabuti. Mji wetu ni wa vilima, na udongo mwekundu ukishafyekwa majani maji huula haraka. Tazama ukingo wa korongo la karibu: ukiona mizizi inaning'inia na udongo mbichi, linatanuka. Muulize jirani mwaka juzi lilikuwa limefika wapi. Niliwahi kumjengea mteja msingi karibu na korongo lililoonekana dogo. Masika mawili baadaye kona moja ya msingi ilikuwa hewani. Nilikuwa nimeiona hatari nikanyamaza, maana nilihitaji kazi.

Ziwa Tanganyika nalo lina njia moja tu ya kutolea maji, mto Lukuga upande wa Kongo. Mvua zikizidi miaka mfululizo hujaa, na hukawia kushuka. Mwaka 2020 na 2021 lilipanda hadi kwenye nyumba za watu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni, kwa hiyo anayekuuzia humo anakuuzia upepo. Na ukipelekwa upande wa bonde la Luiche ukakuta mpunga, elewa kwamba mpunga haukupotea njia.

Hatua ya 2: Rudi bila dalali

Nenda jioni, ununue kitu gengeni, uulize: "Shikamoo mama, maji mnachota wapi? Dumu shilingi ngapi?" Uliza boda wanatoza kiasi gani usiku kutoka Mwanga, na kama wanakubali kuja. Hesabu nguzo za umeme: ukiwa ndani ya mita 30 kutoka kwenye laini, kwa kawaida huhitaji nguzo mpya. Barabara mbovu, bomba ambalo halijafika, giza: hizi ndizo sababu ninazozipenda. Zinashusha bei leo, na mji ukisogea zinaondoka.

Hatua ya 3: Omba kuona mchoro

Ofisi ya ardhi ya manispaa itakuambia kama eneo limepimwa, na kama mchoro wa mipango miji umepitisha barabara au shule juu ya kiwanja chako. Barabara kuu na za mkoa zina hifadhi ya mita 30 kila upande kutoka katikati. Dalali atakutajia SGR, reli ya kisasa, ya Tabora–Kigoma, ambayo mkataba wake ulisainiwa Desemba 2022. Atakuambia bei itapanda. Muulize reli inapita wapi hasa.

Hatua ya 4: Anayeuza ni nani?

Hapa ndipo watu wanalia. Korongo unaliona kwa macho, mirathi huioni. Ujiji na mitaa ya zamani imejaa viwanja vya baba aliyefariki, na mtoto mmoja mwenye shida ndiye anayeuza. Nilinunua kimoja hivyo. Ndugu watatu walitokea nikiwa kwenye lenta, ile boriti ya juu ya milango na madirisha. Siku hizi nataka barua ya mahakama ya usimamizi wa mirathi na saini za warithi wote. Muuzaji akiwa na ndoa, mwenzake asaini pia. Sheria ya Ndoa ya 1971 haimruhusu mmoja kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Ongea na mwenyekiti wa mtaa, kisha na majirani wa pande zote nne. Jirani wa nne ndiye mwenye siri.

Hatua ya 5: Pima kwa tepu

"Hatua ishirini kwa ishirini" ni kipimo cha miguu ya dalali, na madalali hawalingani urefu.

Hatua ya 6: Ongeza gharama za kilima

Kwenye mteremko, msingi wa upande wa chini unaweza kumeza mawe na simenti maradufu. Kama lori la mchanga halipandi masika, utalipa vibarua wabebe. Nimeona kiwanja cha "bei ya kutupa" kikizidi cha Gungu kabla ukuta haujafika dirishani.

Ukiridhika, andikishianeni kwa wakili, fedha ipite benki, na mkubaliane mapema nani anamlipa dalali. Jioni hiyo hiyo panda minyaa mpakani, majirani wakiwa wamesimama wanaangalia.