Fundi gari: ubobee kwenye kitu kimoja au ujue gari zima?

Kijana akishatimiza mwaka gereji, anajua kumwaga oili, kubadilisha breki padi na kufunga shokapu, swali linamjia: nibaki kwenye injini tu, nihamie umeme, au nijifunze kila kitu? Wakubwa humjibu kwa methali ya mshika mbili. Jibu hilo ni nusu ya ukweli. Kazi ya gereji ina sehemu mbili, kujua gari linaumwa nini na kulitibu. Kutibu kunataka ubobezi. Kujua linaumwa nini kunataka upana, kwa sababu ugonjwa wa gari haufuati mipaka ya mafundi.

Chukua Toyota IST yenye injini ya 1NZ. Inatetemeka kwenye foleni, haivuti, taa ya injini inawaka. Anayejua injini peke yake atataka kufumua hedi. Anayejua umeme peke yake atamwambia mteja anunue koili nne. Anayejua pande zote mbili anafanya hivi:

1. Anasoma kompyuta ya gari kwa mashine, nayo inampa kodi, yaani namba ya hitilafu. P0301 maana yake silinda ya kwanza haichomi sawasawa. P0303 ni ya tatu. P0300 ni kumisi kusiko na silinda maalumu.
2. Ikiwa ni P0301, anazima gari, anafungua boliti moja ya namba 10 kwenye koili ya kwanza na moja kwenye ya tatu, anabadilishana koili hizo mbili, anafuta kodi na kuendesha hadi gari limisi tena. Kodi ikihamia P0303, koili ndiyo mbovu. Ananunua moja.
3. Ikibaki P0301, anahamisha plagi kwa mtindo uleule.
4. Bado ipo? Anapima kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya silinda. Injini ikiwa na joto la kawaida la kazi, anachomoa soketi za koili na za nozeli (zinazopuliza mafuta), anafungua plagi zote nne, mtu anakanyaga mafuta hadi mwisho na kupiga stata mpaka mshale wa geji uache kupanda. Silinda moja ikiwa chini ya wenzake kwa zaidi ya asilimia 15, tatizo limo ndani ya injini. Anatia kijiko kimoja cha oili kupitia tundu la plagi na kupima tena. Ikipanda vizuri, ringi za pistoni zimekwisha. Isipopanda, aangalie valvu au gasketi ya hedi.
5. Kompresheni ikiwa sawa kote, anageukia nozeli na waya zake.

Humo mna umeme, mafuta na chuma, na hakuna kilichofumuliwa kabla ya kupimwa. Upana tunaousema ni huo.

Kuupata kunahitaji kama miezi 18 kwa anayefanya kazi kila siku. Tungegawa hivi: miezi sita ya injini na mfumo wa kupoza, mitano ya umeme, minne ya breki, stelingi na shokapu, mitatu ya klachi na gia boksi. Umeme ndio wengi wanaukwepa, na ndio unaotenganisha fundi na mbahatishaji, kwa hiyo tuukalie kidogo.

Shika multimita hadi namba hizi zikae kichwani. Betri nzima iliyopumzika ina volti 12.6 hivi. Wakati wa kupiga stata isishuke chini ya 9.6. Injini ikiunguruma, alteneta itoe kati ya 13.8 na 14.5. Kisha jifunze kupima upotevu wa volti: weka ncha moja kwenye chuma cha injini, nyingine kwenye nguzo hasi ya betri, mwenzako apige stata. Ikizidi volti 0.5, waya wa ethi (unaounganisha nguzo hasi na chuma cha gari) au kifungio chake kina kutu au umelegea.

Usitumie ohm kwa kazi hii. Waya uliobakiwa na nyuzi tatu unaonyesha karibu sifuri kwenye ohm, kwa sababu multimita inapitisha mkondo mdogo mno. Stata inataka zaidi ya ampea 100, na nyuzi tatu haziwezi. Stata nyingi nzima hubadilishwa bure kwa kosa hili.

Tahadhari moja kuhusu mashine: magari yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani, hasa ya zamani, yanaweza kuwa na soketi ya pini 16 ya kuchomeka mashine ya kusoma na bado yasisomeke kwa kifaa cha bei rahisi. Ikigoma kuunganisha, usiamue kuwa kompyuta ya gari imekufa. Jaribu mashine nyingine.

Muda wote huo weka daftari. Kila gari mstari mmoja: dalili, ulichodhani, ulichopima, kilichokutwa. Ukifikisha magari 100, hesabu. Daftari litakuonyesha magari gani yanakuja kwenu kwa wingi na ni kazi gani mkono wako unaifanya bila gari kurudi. Chagua ubobezi kutoka hapo, usichague kwa kusikia kuwa fulani analipwa vizuri.

Angalia pia mtaji na mji. Umeme unaanza na multimita, taa ya kupimia na mashine ya kusoma. Gia boksi otomatiki zinataka chumba kisicho na vumbi, presi na spea za uhakika. Pampu za dizeli zinataka meza ya kalibresheni, ya kuzipima na kuzirekebisha. Kwenye miji kama Dar es Salaam, Nairobi au Kampala mtu anaweza kuishi kwa gia boksi tu, maana gereji nyingine zitamletea. Kwenye mji mdogo atakaa na njaa. Huko shika ubobezi mmoja na kazi moja ya pembeni inayoingia kila siku, kama breki.

Ukibobea mapema mno, kila gari utaliona lina ugonjwa wa fani yako. Ukichelewa mno, hakuna kazi utakayoirudia vya kutosha hadi uwe mwepesi.

Vyeti navyo visisahaulike. Tanzania, VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, hurasimisha ujuzi wa waliojifunzia kazini. Kenya, NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, hutahini kuanzia gredi III hadi I.

Na kuna mambo ya kujua hata kama hutayagusa. Gia boksi ya CVT (otomatiki isiyo na gia za hatua) inataka oili ya CVT. Ukiijaza ATF, oili ya kawaida ya gia boksi otomatiki, utaiua. Waya za rangi ya chungwa kwenye haibridi kama Prius hubeba zaidi ya volti 200, na asiyefunzwa asizishike. Gari la namna hiyo mpeleke aliyebobea, na umpe karatasi yenye dalili, kodi zilizosomeka kabla hazijafutwa, na volti ya betri ndogo (ile ya volti 12) ikiwa imepumzika.