Kupiga kelele bila kutukana: mwongozo wa siku ya Mashemeji Derby

Mechi ya soka ya Gor Mahia na AFC Leopards, timu za Kenya zenye mizizi ya Kiluo na Kiluhya, huitwa Mashemeji Derby kwa sababu Waluo na Waluhya wameoana vizazi na vizazi, na mashemeji hutaniana. Shemeji unaweza kumwambia alileta ng'ombe aliyekonda, na bado mkala pamoja. Kelele nzuri za viwanja vya Nyayo na Kasarani, Nairobi, zimetoka huko. Mwongozo huu unaonyesha utani huo unaishia wapi, na la kufanya ukivuka mpaka.

Kabla ya kupaza sauti jiulize jambo moja: ninalotaka kusema linatokana na alichofanya mtu uwanjani, au na alivyozaliwa? "Refa, nunua miwani!" ni juu ya mpira wa kuotea ambao hakuuona. "Toa namba sita, amechoka!" ni juu ya miguu ya leo. "Shemeji, mahari bado!" baada ya bao la pili inawagusa wapinzani wote na haimjeruhi yeyote. Lakini kabila, tohara, rangi ya ngozi, ulemavu, mama ya mtu, mwili wa mwanamke aliyeketi mstari wa mbele: hayo hayakuchezwa. Hata penalti ya kupewa bure dakika ya 90 haiyahalalishi.

Tohara lazima itajwe wazi, kwa sababu ndiyo tusi linalorudi kila Gor Mahia anapocheza: kijadi Waluo hawatahiri. Katika machafuko ya baada ya uchaguzi wa 2007 kuna wanaume wa Kiluo waliotahiriwa kwa nguvu. Anayelipaza tusi hilo jukwaani huenda anadhani anachokoza timu pinzani, lakini aliye mistari mitatu mbele anasikia kitu kingine kabisa. Aprili 2022 Tume ya Kitaifa ya Uwiano na Utangamano, NCIC, ilitoa orodha ya maneno ya chuki ikaliweka "kihii" (mvulana asiyetahiriwa) humo, pamoja na "madoadoa" na "watu wa kurusha mawe". Hilo la tatu mashabiki walisome mara mbili, maana uwanjani hurushwa kama mzaha. Sheria ya Uwiano na Utangamano ya 2008, kifungu cha 13, inaweka faini isiyozidi shilingi 1,000,000 au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili, kwa matamshi ya kutisha au kutukana yanayochochea chuki ya kikabila. Na siku hizi kila jukwaa lina simu mia zinazorekodi.

Kuna matusi mengine yanayotoka yenyewe: mshambuliaji yuko peke yake na goli, anapiga juu, na neno chafu limeshatoka kabla hujalisikia. Hilo halimlengi mtu, ila pembeni yako kuna mtoto wa miaka saba ambaye Jumatatu atalipeleka darasani. Kujikataza tu hakusaidii, kwa sababu mdomo unataka kitu cha kusema. Uandalie neno fupi lenye nguvu: "Yawa!", "Woi!", "Ala!" Ukilitumia kuanzia mechi ndogo, kufikia derby litakuwa ndilo linalotangulia.

Kuzima wimbo mchafu

Sehemu hii ni ya viongozi wa nyimbo na wapiga ngoma, kwa sababu nguvu halisi iko mikononi mwao kuliko ya polisi.

Wimbo wa matusi huishi kwa kuitikiwa. Mtu mmoja anatoa mwito, watu mia wanajibu. Wasipojibu mara mbili mfululizo, unakufa. Kosa la kawaida ni kiongozi kusimama na kupiga kelele "Acheni!" Katika makelele yale hakuna anayemsikia, na wanaomwona wanadhani anaimba nao. Fanya hivi: ngoma zikate ghafla, zote pamoja. Hesabu hadi nne. Kisha anza mdundo mwingine wenye kasi tofauti, kwa wimbo ambao hata mgeni anaujua, na kiitikio chake kiwe jina la utani la timu: I-ngwe kwa Leopards, au K'O-ga-lo kwa Gor Mahia. Silabi mbili au tatu zatosha. Kiitikio kirefu kinawaacha watu wakitafuta maneno, na wale wa wimbo wa kwanza wanarudi katika huo upenyo.

Mdundo usibadilike taratibu. Ukiongeza kasi kidogo kidogo, wimbo mchafu utapanda nao.

Ngoma zikae chini mbele, karibu na kiongozi, naye auangalie umati badala ya mpira. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo aliye umbali wa mita 70 anapata mdundo ukiwa umechelewa kwa karibu moja ya tano ya sekunde. Kikundi cha pili cha ngoma kikiwekwa kule juu nyuma, jukwaa hugawanyika, na upande usiomsikia kiongozi ndio huanzisha mambo yake. Wenye isukuti, ngoma ya Kiluhya, wana nafuu: ngoma zake tatu hupigwa pamoja na zinapenya kelele.

Saa ya hatari si baada ya bao, kwa sababu mwenye furaha hana haja ya kutukana. Ni zile sekunde thelathini baada ya kadi nyekundu, penalti iliyokataliwa au bao lililofutwa. Kiongozi awe na wimbo wa dakika hiyo tayari, ameupanga na wapiga ngoma kabla ya mechi, na ishara ya mkono ya kuuanzisha.

Jirani anapotukana

Akitukana mara moja kwa uchungu, mwache. Akiendelea, subiri mchezo utulie, mpira uende kurushwa au kona, kisha mwelekee kwa pembeni. Usimsimamie mbele ukamziba mechi, wala usimnyooshee kidole. Sema kwa sauti ya chini, "Boss, tuko na watoto hapa, tusaidie." Kama ni mtu mzima, "Mzee, tafadhali." Usimwambie mbele ya marafiki zake kwa sauti, kwa sababu hapo ataitetea heshima yake kwa tusi kubwa zaidi. Wengi hukubali. Wengine hata huomba msamaha, na mnaendelea kutazama pamoja.

Akiwa amelewa au akijibu kwa kukusogelea, hama kwanza, ripoti baadaye. Msimamizi mwenye kizibao cha rangi kali anahitaji mambo manne: jukwaa, mstari, nguo, na dakika ya mechi. "Kuna mtu anatukana kule" haimsaidii; "mstari wa sita, kofia nyeupe, jaketi jeusi, tangu dakika ya 30" inamsaidia. Mwanamke aliyeshikwashikwa asiambiwe avumilie hadi mapumziko. Wawili wampeleke kwa msimamizi, na mmoja abaki akimwangalia mhusika asipotelee katika umati.

Tusi la ubaguzi likimfikia mchezaji, mambo hutoka mikononi mwa jukwaa. Katika mkutano mkuu wa FIFA wa Mei 2024, Bangkok, ilikubaliwa ishara ya mikono miwili iliyopishanishwa kwenye vifundo, ambayo mchezaji huitumia kumjulisha refa. Refa naye ana hatua tatu: kusimamisha mechi na tangazo litolewe, kuwarudisha wachezaji vyumbani kwa muda, na mwisho kuivunja kabisa. Ukiona hatua ya kwanza, kazi ya jukwaa lote ni kukaa chini na kunyamaza. Hata nyimbo njema ziache. Mechi ikivunjwa kwa ubaguzi, timu ya waliotukana hupoteza ushindi, hata kama ilikuwa mbele kwa mabao matatu.

Vitu vya kurusha: hakuna. Chupa ya nusu lita iliyojaa maji ina uzito wa karibu nusu kilo, na anayekimbia karibu zaidi na jukwaa ni mshika kibendera, ambaye anatazama mstari wa mabeki badala ya kukutazama wewe.

Getini na njiani

Matusi mengi ya ndani huanzia nje, kwenye foleni, watu wakiwa wamesukumana saa nzima juani. Na foleni huua. Tarehe 23 Oktoba 2010, watu saba walikufa katika msongamano kwenye geti la Nyayo siku ya derby hii hii. Agosti 2025, wakati wa CHAN, michuano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, shirikisho la soka la Afrika, CAF, liliwapunguza watazamaji wa Kasarani hadi 27,000 kwa mechi ya Kenya na Zambia, baada ya watu kuvunja ulinzi katika mechi zilizotangulia. Wenye subira waliumizwa na waliosukuma.

Kwa hiyo fika saa mbili kabla ya mechi kuanza. Tiketi ya simu ipige picha ya skrini ukiwa bado nyumbani, maana karibu na uwanja intaneti hulemewa, na anayetafuta tiketi yake mbele ya mashine ndiye husimamisha mia walio nyuma. Umati ukianza kubana, inua mikono mbele ya kifua kama bondia ili upate nafasi ya kupumua, usiiname kuokota simu, na toka kwa mshazari kuelekea pembeni badala ya kupigana kurudi nyuma. Mtoto abebwe.

Wanaoandamana kwa miguu kutoka mjini, wakianzia kwenye sanamu ya Tom Mboya pale Moi Avenue hadi Nyayo, washike upande mmoja wa barabara na wateue watu wanne wa kutembea ubavuni. Kazi yao ni moja tu: hakuna anayegonga gari, na hakuna anayechukua ndizi ya mchuuzi bila kulipa. Mama mwenye beseni kandokando ya barabara hawezi kuwakimbiza watu mia tano, na hasara ya siku hiyo ni karo ya mtu.

Mkishindwa, matatu ya kurudi ndiyo mtihani wa mwisho. Abiria wengine wanatoka kazini, hawakuja mpira. Imbeni hadi stejini, ndani ya gari mzungumze. Na ile sauti ya WhatsApp ya kumjibu shemeji aliyekutumia picha ya ubao wa matokeo, usiirekodi kabla hujafika nyumbani, ukaoga na kula.