Mambo ya kuzingatia kabla ya kununua gari la teksi nchini Uingereza: umri wa gari na moshi wake

Gari linaweza kuwa zima kabisa machoni pa fundi, likapita ukaguzi wa kila mwaka bila kasoro hata moja, na bado halmashauri ikakataa kulipatia leseni ya teksi. Anayeumia hapo ni dereva aliyekwisha kutoa akiba yake au kutia sahihi mkopo wa miaka kadhaa. Kwa hiyo maswali ya umri wa gari na moshi wake yapatiwe majibu kabla ya kulipa hata kianzio, wala yasingoje siku ya kupeleka maombi.

La kwanza ni kujua ni kanuni za nani zinazokuhusu. Nje ya London, katika Uingereza yenyewe (England) na Wales, teksi zinazosimamishwa njiani bado zinaongozwa na sheria ya mwaka 1847, na magari ya kukodi yanayoagizwa mapema yanaongozwa na sheria ya mwaka 1976. Sheria hizo hazikuweka ukomo wa umri wa gari. Zimeipa kila halmashauri uwezo wa kuweka masharti inayoyaona ya lazima, na ndiyo maana miji miwili inayopakana inaweza kuwa na masharti yasiyofanana hata kidogo. London ina mamlaka yake ya usafiri, TfL, na Uskoti ina sheria yake ya mwaka 1982. Maneno ya dereva mwenzako wa mji wa jirani, hata awe mzoefu na mkweli kiasi gani, si ushahidi wa kanuni za mji wako. Tafuta waraka wa sera ya halmashauri yako yenyewe, na uhakikishe kwamba ndilo toleo linalotumika sasa.

Katika waraka huo, usiridhike na kuona idadi ya miaka. Sera nyingi zina ukomo wa namna mbili: umri ambao gari halipaswi kuuzidi linapopewa leseni kwa mara ya kwanza, na umri ambao likiufikia leseni yake haitahuishwa tena. Mnunuzi wa gari lililotumika huangalia ule wa pili, akafurahi kwamba amebakiwa na miaka mingi, kumbe ule wa kwanza umekwisha kumfungia mlango. Soma pia miaka hiyo inahesabiwa kuanzia tarehe gani. Ikiwa ni tarehe ya usajili wa kwanza, imeandikwa kwenye hati ya usajili, yaani V5C. Ikiwa ni tarehe ya kutengenezwa, gari lililokaa bohari muda mrefu kabla ya kuuzwa litakuwa zee kuliko linavyoonekana kwenye karatasi. Angalia kama magari yanayopakia kiti cha magurudumu yameongezewa miaka, kwa kuwa halmashauri nyingi huyapa nafuu hiyo. Uliza vilevile kama leseni ikikatika hata kwa siku chache gari litahesabiwa kuwa jipya kwenye orodha, kwa maana nafuu waliyopewa wenye leseni za zamani hupotea kwa njia hiyo.

Wizara ya Uchukuzi, katika mwongozo wake wa Novemba 2023, ilizishauri halmashauri zisiweke ukomo wa umri, bali zilenge moja kwa moja moshi, usalama na mahitaji ya wenye ulemavu. Naona ushauri huo ni wa haki, kwa sababu gari la miaka kumi lililotunzwa linaweza kumfaa abiria kuliko la miaka minne lililochakazwa. Lakini mwongozo si sheria. Halmashauri inapaswa kuuzingatia, ila inaweza kuwa na sababu zake za kufanya vinginevyo, na dereva hawezi kuupeleka kaunta kana kwamba ni kibali.

Kuhusu moshi, swali si mwaka wa gari bali kiwango chake cha Euro, yaani daraja la Ulaya la kupima uchafu wa moshi, ambalo namba yake ikipanda masharti huwa makali zaidi. Kwa kawaida magari ya petroli yaliyosajiliwa tangu Januari 2006 yana Euro 4, na ya dizeli yaliyosajiliwa tangu Septemba 2015 yana Euro 6. Nasema kwa kawaida, kwa kuwa ziko dizeli zilizotimiza Euro 6 kabla ya tarehe hiyo, na ziko chache zilizosajiliwa baadaye zikiwa bado na Euro 5. Tofauti si ndogo: kikomo cha oksidi za naitrojeni kwa dizeli ya Euro 5 ni miligramu 180 kwa kilomita, na kwa Euro 6 ni miligramu 80. Thibitisha kwa hati za gari au kwa barua ya mtengenezaji, si kwa neno la muuzaji. Ukinunua dizeli, hakikisha pia kwamba kichujio cha masizi hakijaondolewa, maana tangu Februari 2014 gari lililotolewa kichujio chake cha asili hukwama kwenye ukaguzi.

Hapa ndipo wengi hunaswa, kwa kuwa leseni na tozo za kanda za hewa safi, yaani maeneo ya mji ambamo gari lenye moshi mchafu hutozwa likiingia, ni mambo mawili tofauti. Kanda za England zina madaraja manne, A hadi D, na teksi zimo katika yote, ilhali magari ya binafsi yamo katika D peke yake. Birmingham, ambayo ni D, gari lisilotimiza kiwango hulipa pauni 8 kwa siku, liwe la binafsi au teksi. Sheffield na Bath ni daraja C: mwenye gari la binafsi halipi kitu, lakini gari lilelile likipata leseni ya teksi hulipa pauni 10 kwa siku Sheffield na pauni 9 Bath. Ukiingiza namba ya gari kwenye huduma ya serikali ya kukagua tozo kabla hujapata leseni, unaweza kuambiwa kwamba halidaiwi, na muuzaji akakuonyesha jibu hilo kwa nia njema. Leseni ikishatoka, halmashauri hupeleka taarifa kwenye hifadhidata ya taifa ya teksi, na tozo huanza. Kwa dereva anayeingia Sheffield siku sita kwa wiki, wiki hamsini kwa mwaka, hizo ni pauni 3,000. Uskoti hakuna hata nafasi ya kulipa ili upite: katika kanda za Glasgow, Edinburgh, Aberdeen na Dundee, gari lisilotimiza kiwango hupigwa faini inayoanzia pauni 60 na kuongezeka maradufu kwa anayerudia.

Linganisha urefu wa mkopo na miaka ya leseni iliyobaki, ukikumbuka kwamba miaka hiyo inaweza kupunguzwa. Teksi za London ziliruhusiwa kufanya kazi hadi miaka 15, lakini kuanzia Novemba 2019 TfL ilishusha ukomo huo hatua kwa hatua kwa magari ya Euro 3, 4 na 5, hadi ukafika miaka 12 mwezi Novemba 2022. Na tangu Januari 2018, teksi inayopewa leseni London kwa mara ya kwanza lazima iweze kwenda bila kutoa moshi kabisa kwa umbali wa angalau maili 30. Mabadiliko ya namna hii hutangulizwa na maoni ya wadau na vikao vya kamati, na kumbukumbu za vikao hivyo huwa wazi kwa umma. Zisome.

Ukishafika hapo, iandikie ofisi ya leseni ukitaja namba ya usajili wa gari unalokusudia kununua, tarehe ya usajili wa kwanza, aina ya mafuta na kiwango cha Euro, na uombe jibu la maandishi. Lihifadhi pamoja na nakala ya sera iliyokuwa ikitumika siku hiyo. Gari la kukodi linaloagizwa mapema likikataliwa nje ya London, una siku 21 tu tangu kujulishwa uamuzi za kukata rufaa mahakama ya mahakimu, na karatasi hizo ndizo utakazozihitaji mkononi.