Kuchagua CGM: anza na dawa unayotumia, jina la mashine lije baadaye

Ukiuliza watu wenye kisukari CGM ipi nzuri, kila mmoja atakutajia ile aliyoivaa yeye, na atakusifia kwelikweli. Shida ni kwamba yeye labda anajidunga insulini mara nne kwa siku na wewe unameza vidonge tu, au yeye ana simu mpya na yako apu haiikubali kabisa. Kwa hiyo tuache majina kwanza, tuanze na wewe.

Kwa ambaye ndo anaanza kuisikia, CGM ni kidude unachobandika mkononi (zingine tumboni) chenye kiuzi chembamba kinachokaa chini ya ngozi, kinapima sukari saa zote na kurusha namba kwenye simu au risiva yake, zingine kila dakika 5, zingine kila dakika 1. Ila hakipimi damu. Kinapima majimaji yaliyo kati ya seli chini ya ngozi, na sukari inafika kwenye damu kwanza ndo iende huko, kwa hiyo namba unayoiona iko nyuma ya damu kwa dakika kama 5 hadi 15 hivi. Ukiwa umetulia tofauti huioni, ila ukiwa unafanya mazoezi au ndo umetoka kula, glukometa (ile mashine ya kuchoma kidole) na sensa zitakupa namba mbili tofauti na zote ni sahihi, usianze kutukana mashine.

Sasa dawa. Kama unajidunga insulini, iwe aina ya 1 au ya 2, unahitaji CGM inayotuma namba yenyewe bila wewe kuigusa, yenye alamu ya sukari kushuka, na iliyoruhusiwa kutumika kuamua dozi. Hayo matatu hayana mjadala. Wale wa vidonge wengi wanadhani alamu haiwahusu, ila angalia jina la kidonge chako, kama ni glibenklamidi, gliklazidi, glimepiridi na ndugu zao, hizo zinaweza kukushusha sukari vibaya tu hata kama hujawahi kushika sindano, kwa hiyo na wewe alamu inakuhusu. Anayetumia metformini peke yake hatari yake ya kushuka ni ndogo, huyo hata CGM ya kawaida isiyo na alamu inamtosha, na kusema kweli sio lazima avae mwaka mzima, anaweza kuvaa sensa moja akaona mwili wake unavyokwenda kisha akakaa miezi kadhaa ndo avae nyingine.

Kuna kundi jipya la sensa zinazouzwa Marekani bila cheti cha daktari, mfano Stelo ya Dexcom ambayo FDA (mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani) waliipitisha Machi 2024. Imetengenezwa kwa watu wazima wasiotumia insulini na haina alamu ya sukari kushuka. Mtu wa insulini akiinunua kwa sababu inapatikana kirahisi anajiweka pabaya, yaani siku ya kushuka usingizini haitamwambia kitu.

Turudi kwenye alamu maana kwangu mimi hiki ndo kitu cha kwanza kabla hata ya usahihi. FreeStyle Libre ile ya mwanzo kabisa haikuwa na alamu, ilibidi uiskani mwenyewe kwa simu au kisomeo, na ilitunza kumbukumbu ya masaa 8 tu, ukilala masaa 9 bila kuskani, lile lisaa la kwanza limeshafutika. Libre 2 ikaleta alamu, Libre 3 inatuma namba yenyewe kila dakika. Dexcom G7 inatuma kila dakika 5 na ina alamu ya dharura ya 55 mg/dL (3.1 mmol/L) ambayo huwezi kuizima, pia ina alamu ya kukutonya kwamba ndani ya dakika 20 utafika huko. Wengine hiyo ya kutozimika inawakera, ila kama ushaanza kutozisikia dalili za kushuka, yaani hutetemeki wala hutoki jasho mpaka sukari iko chini kabisa, basi chukua inayokera. Eversense yenyewe ni habari nyingine, sensa inapandikizwa na daktari chini ya ngozi ya mkono, toleo la Eversense 365 linakaa mwaka mzima, na kile kidude unachobandika juu yake kinatetema mkononi hata simu ikiwa mbali. Ila lazima uwe unachoma kidole kuirekebisha mara kwa mara, na kuitoa ni kwa daktari tena.

Kama ni mtoto ndo anavaa, au mzee anayeishi peke yake, angalia na upande wa wanaofuatilia. Apu ya Dexcom inaruhusu watu mpaka 10 waone namba zake kwenye simu zao, ya Libre mpaka 20. Sasa usiwaunganishe wote 20 jamani, kila mtu atapiga simu muda huohuo kuuliza "mbona iko 4?" na mtoto wa watu yuko darasani.

Simu ndo inawaumbua wengi. Kila kampuni ina orodha ya simu na matoleo ya mfumo ambayo apu yake imejaribiwa, ifungue KABLA hujalipa, tafuta simu yako kwa jina kamili, usiridhike na kuambiwa "inafanya kazi kwa Android". Simu nyingi zina ile mipangilio ya kubana matumizi ya chaji, inaiua apu kimyakimya usiku, asubuhi unakuta grafu ina pengo na alamu haikulia. Iondoe apu kwenye hiyo mipangilio, iruhusu ipenye hata simu ikiwa kwenye "usisumbue" (Do Not Disturb), na usi-update mfumo wa simu siku ileile ulipotoka, subiri kwanza kampuni iseme toleo hilo liko sawa. Kama simu yako haimo kwenye orodha, ulizia kifaa chenye risiva yake, ni kidude cha ziada cha kubeba ila hakikuangushi.

Usahihi nao upo, ila watu wanaugombania kupita kiasi. Makampuni wanatangaza namba inaitwa MARD, maana yake kwa wastani namba ya sensa inapishana kwa asilimia ngapi na kipimo cha maabara, ikiwa ndogo ndo vizuri. Libre 3, G7 na Eversense zote zinatangazwa kwenye asilimia 8 hadi 9 hivi. Ukiwa na 10 mmol/L hiyo ni kama tofauti ya 0.8 juu au chini, haibadilishi maisha. Halafu kila kampuni imepima kwa watu wake na kwa njia yake, kwa hiyo kushindanisha 7.9 na 8.2 ni kupoteza muda. Jua tu kwamba siku ya kwanza ya sensa huwa inayumba, na kwenye namba za chini ndo inahitaji uangalifu zaidi.

Kitakachokuchanganya kuliko MARD ni hiki. Saa 9 usiku alamu inalia, namba inasema 3.2, grafu imeporomoka ghafla kama imesukumwa. Wewe unajisikia safi tu. Unanawa mikono, unachoma kidole, glukometa inasema 6.4. Ulikuwa umeulalia mkono wenye sensa, majimaji pale yamebanwa, sensa ikasoma chini. Ukigeuka upande, baada ya muda kidogo namba inapanda yenyewe. Kwa hiyo mahali pa kubandika nako ni kuchagua, kama unalalia ubavu wa kushoto basi weka kulia, na kama unageukageuka usiku kucha, angalia sensa iliyoruhusiwa na sehemu nyingine kama tumbo. Na glukometa usiitupe. Namba na unavyojisikia visipokubaliana, kidole ndo kinaamua.

Dawa nyingine unazotumia zitaje zote kwa daktari au mfamasia, usiseme tu za sukari. Hydroxyurea, ambayo watu wengi wenye selimundu wanaitumia, inafanya Dexcom na Guardian za Medtronic zisome juu kuliko ukweli, na kudunga insulini kwa namba ya uongo ni hatari kweli. Paracetamol inaichanganya Guardian. Dexcom G6 na G7 zinavumilia mpaka gramu 1 kila baada ya saa 6. Vitamini C dozi kubwa, zaidi ya miligramu 500 kwa siku, inaipandisha Libre 2 na 3. Hii peke yake inaweza kukuchagulia mashine.

Kwa wenye pampu ya insulini au wanaofikiria kuichukua hapo mbele, uchaguzi unafuata pampu. MiniMed 780G inataka sensa zinazouzwa na Medtronic, Omnipod 5 inaongea na Dexcom na Libre 2 Plus. Usinunue sensa kwanza ndo uanze kutafuta pampu ya kuioa.

Hesabu ya hela ifanye kwa mwaka, usiangalie bei ya sensa moja. Ya siku 7 unahitaji 52, ya siku 10 ni kama 37, ya siku 14 ni 26, ya siku 15 ni 25. Ongeza na chache za kubanduka na kufa mapema, maana zitakuwepo. Gundi nayo, kuna ngozi haipatani na gundi ya kifaa fulani, inatoka vipele na muwasho, kwa hiyo anza na sensa moja au mbili, usibebe boksi la miezi 3 siku ya kwanza. Halafu uliza inahifadhiwaje, nyingi hazitaki kupita nyuzi 28 au 30 kabla ya kufunguliwa, ukiiacha kwenye gari juani umeshaiua.

Saa na pete za kupima sukari bila kutoboa ngozi achana nazo. Februari 2024 FDA walitoa onyo kwamba hakuna hata moja waliyoiruhusu ipime sukari yenyewe. Saa inayoonyesha namba iliyotoka kwenye CGM yako ni sawa, hiyo ni kioo tu.

Kabla ya kulipa hakikisha pia kipimo, mmol/L au mg/dL, maana vifaa vingine vimefungwa kwenye kimoja kutegemea vilikouzwa (mmol mara 18 inakupa mg). Ukishavaa, namba moja moja usiziabudu, angalia mshale. 6.0 yenye mshale wa kulala ni raha, 6.0 yenye mishale miwili inashuka ni kutafuta kitu kitamu sasa hivi. Na kwenye ripoti angalia muda ulioko kati ya 3.9 na 10, watu wazima wengi wanalenga zaidi ya asilimia 70, na chini ya 3.9 isizidi asilimia 4. Mjamzito na mzee dhaifu wana malengo yao, hayo wapange na daktari.

Sensa ikifa kabla ya siku zake, usiitupe na hasira. Piga picha namba ya utambulisho (serial number) iliyoko kwenye boksi na kwenye kile kibandikio, andika tarehe na ujumbe uliotokea kwenye simu, wapigie kampuni, mara nyingi wanatuma nyingine. Ila bila ile namba hawakusikilizi, kwa hiyo ipige picha siku unayobandika.